Acheni kupiga Windows, pimeni RAM kwanza

Jamani wasomaji, leo mnisamehe, nimekuja na hasira. Nilikuwa nimeahidi kuandika kuhusu posho za waandishi kwenye semina, na hiyo itakuja. Lakini jana jioni nilipita kwa fundi mmoja wa kompyuta hapa Dar (mtaa sitautaja, jina lake wala silijui) kuchukua chaja ya rafiki yangu, nikamkuta dada mmoja mwanafunzi wa chuo amekumbatia laptopu yake kama mtoto mwenye homa. Anaeleza: mashine inazima yenyewe, skrini inakuwa ya bluu, kila mara inaleta maandishi tofauti, na sura ya tatu ya utafiti wake akiifungua anakuta takataka katikati ya ukurasa. Fundi hajaiwasha, hajaigusa. Akamjibu: "Dada, hii Windows imechoka. Acha elfu ishirini tupige upya, kesho saa nne unapitia."

Windows imechoka! Hivi programu inachokaje? Ilibeba zege?

Maneno yale yale niliambiwa mimi. Ndiyo maana nimeshindwa kulala na badala yake nawaandikia nyie.

Mwishoni mwa mwaka 2021 nilinunua laptopu ya mtumba kwa 450,000, pesa niliyoidunduliza miezi mitano. RAM vipande viwili vya gigabaiti 4, jumla 8. Wakati ule nilikuwa nafuatilia habari za wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile iliyovunjika mwaka 1977 ikaacha wazee wakizungushwa na madai yao miaka nenda rudi. Nilikuwa nimerekodi mahojiano 11. Moja lilikuwa la mzee mmoja wa Morogoro, fundi wa injini za treni, saa mbili kasoro dakika chache, anaeleza kuanzia siku aliyoajiriwa mpaka siku aliyoambiwa shirika halipo tena. Nikahamisha sauti zote kwenye laptopu, nikazibana kuwa faili moja la zip ili nipunguze nafasi, nikafuta kwenye kinasa sauti ili nipate nafasi ya kazi nyingine. Nikaweka na nakala kwenye diski ya nje, maana mimi ni mtu makini. Au ndivyo nilivyojidhania.

Baada ya wiki chache mashine ikaanza vituko. Fundi wa kwanza: virusi, tupige Windows, 20,000. Ikatulia siku tisa. Fundi wa pili: hadi diski imekufa, nunua mpya, 90,000 pamoja na kupiga Windows. Ikatulia wiki mbili. Nikarudi kwa yule wa kwanza, akapiga Windows mara ya tatu, safari hii akalaumu umeme wa mtaani kwetu. Hesabu mwenyewe: Windows tatu na diski moja, na hakuna hata mmoja kati yao aliyetumia dakika kumi kujiuliza kama kumbukumbu ya mashine ni nzima.

Nilipotaka kufungua yale mahojiano, programu ikaniambia faili limeharibika. Nikajaribu tena, ikasema limeharibika lakini imetaja sauti nyingine. Mara ya tatu, nyingine tena. Nikachomeka diski ya nje kwa kujiamini: hali ile ile.

Aliyeniokoa ni dogo mmoja, mtoto wa shangazi yangu, wakati huo ana miaka 19. Alikuja nyumbani kula, akaniona nimeshika kichwa. "Kaka, umeshapima RAM?" Nikamwambia mafundi wawili wameshaangalia. "Hapana kaka, sijauliza kama wameangalia. Nimeuliza kama wamepima." Akachukua fleshi yangu ya gigabaiti 2, akaweka programu inaitwa Memtest86+, akawasha mashine kwa kutumia ile fleshi. Tukaenda kula. Dakika 37 baadaye skrini ilikuwa imejaa mistari myekundu. Akachomoa kipande kimoja cha RAM, akapima tena usiku kucha: safi. Akabadilisha vipande, kwenye tundu lile lile: mistari myekundu ndani ya nusu saa. Kimoja kizima, kimoja kibovu. Kipande kibovu tukakitoa, nikatumia gigabaiti 4 peke yake, na ile laptopu haikuzima tena.

Gharama ya kipimo: sifuri.

Sasa hebu tuelewane ni kitu gani kinapimwa, maana nikisema RAM wengi mnafikiria tu "kasi". Kumbukumbu ya aina hii ilibuniwa na Robert Dennard wa IBM, aliyepewa hataza yake mwaka 1968. Ni rahisi mno kimawazo: kila biti moja ni kapasita moja ndogo na transista moja. Kapasita ina chaji, hiyo ni moja. Haina, hiyo ni sifuri. Shida ni kwamba kapasita inavuja kama ndoo yenye tundu, kwa hiyo mashine inalazimika kuijaza upya kila baada ya milisekunde 64 hivi, mchana na usiku, muda wote imewashwa. Gigabaiti 8 ni ndoo zaidi ya bilioni 68. Ndoo moja ikipasuka, yaani ikishindwa kushika chaji au ikiganda kwenye moja, mashine haijui. Inaandika sifuri, inasoma moja, inaendelea na maisha.

Na biti moja si kitu kidogo. Herufi A ikipinduka biti moja inakuwa C. Kwenye hesabu ni balaa zaidi: chukua 20,000, pindua biti moja tu, ile yenye thamani ya 16,384, unabaki na 3,616. Mnadhani natania? Ubelgiji, tarehe 18 Mei 2003, kwenye uchaguzi wa kielektroniki katika manispaa ya Schaerbeek, mgombea mmoja alionekana kupata kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Walipohesabu upya wakakuta zimezidi 4,096 kamili. Hiyo ni 2 kuzidishwa kwa yenyewe mara 12, thamani ya biti moja. Wataalamu walipima vifaa, hawakuona ubovu, wakahitimisha kwamba inaelekea biti moja ilijipindua yenyewe kwenye kumbukumbu. Dhana hiyo haikuwa ya kubuni tu: tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, Intel walikuwa wameshagundua kwamba chembe za mionzi kutoka kwenye kifungashio chenyewe cha chipu zinaweza kupindua biti.

Lakini tusikimbilie mionzi ya angani, ndiyo visingizio tunavyovipenda. Mwaka 2009 Bianca Schroeder wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake wawili wa Google walichapisha utafiti wa seva za Google zilizofuatiliwa kwa miaka miwili na nusu. Zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilikuwa vinapata makosa ndani ya mwaka. Na walichoonyesha ni kwamba makosa mengi yanaelekea kutokana na ubovu wa kifaa chenyewe, si ajali za mionzi. Kipande kilichokosea jana ndicho kitakachokosea kesho. Halafu sikilizeni hii, nyie mnaolaumu joto la Dar kwa kila kitu: joto lilionekana kuwa na athari ndogo kuliko watu walivyokuwa wanaamini.

Kwa hiyo ubovu wa RAM ni ugonjwa wa kawaida, unaorudi pale pale, na kwa kawaida unapimika. Kwa nini basi fundi wetu anaanza na kufuta kila kitu?

Nitawaambia. Kwa sababu kupiga Windows kunalipa mara nyingi. Baada ya kufuta, mafaili yanapangwa upya, ndoo iliyopasuka inaangukia kwenye sehemu isiyotumika sana, mashine inatulia siku tisa kama yangu, mteja anaondoka anashukuru. Ikirudi, ni "virusi vipya". Sisemi wote ni wezi. Wengi hawajui, waliomfundisha hawakujua, na mtaa mzima unatibu kwa dawa moja kama zahanati yenye panadoli tu. Lakini fundi asiyepima ni sawa na daktari anayempasua mtu kabla hajamshika mshipa. Na kupiga Windows ukiwa na RAM mbovu ni hatari yenyewe: mafaili ya mfumo yanapita kwenye ile ile ndoo iliyotoboka wakati wa kunakiliwa, kwa hiyo unaweza kuweka Windows mpya iliyoharibika tangu kuzaliwa.

Hapo ndipo ninapoumia mimi. Nakala yangu ya akiba, ile niliyojivunia, ilitengenezwa na mashine ile ile mgonjwa. Tunahubiriana kila siku "weka nakala, weka nakala", na ni kweli, lakini hakuna anayetuambia kwamba kila faili unalonakili linapita kwanza kwenye RAM. Kama RAM ni mbovu, umetengeneza nakala mbili za uharibifu na kuziweka sehemu salama.

Nisiwaonee mafundi peke yao. Watengenezaji wana dhambi yao. IBM PC ya mwaka 1981, ile kompyuta ya maofisini, ilikuwa na biti ya tisa ya ulinzi kwa kila biti nane, na ilipowashwa ilijipima kumbukumbu kabla ya kufanya kazi. Ikikuta kosa inasimama na kukwambia. Baadaye, katika kukimbizana na bei, ile biti ya tisa ikaondolewa kwenye mashine za watu wa kawaida. Teknolojia bora zaidi, inayoitwa ECC, inayogundua na kusahihisha kosa la biti moja, ikabaki kwa seva na mashine za bei mbaya. Januari 2021 Linus Torvalds, baba wa Linux, aliishambulia Intel hadharani kwa hilo hilo, akisema sera yao ya kuitenga ECC kwa ajili ya seva imewaumiza watumiaji. Mimi nipo upande wake. Benki inalindwa, aliyeandika tasnifu yake kwenye laptopu ya mtumba halindwi.

Msiniambie kuhusu DDR5 pia. Ni kweli RAM za aina hiyo, ambazo viwango vyake vilitolewa mwaka 2020, zina usahihishaji ndani ya chipu yenyewe. Lakini huo haulindi njia ya kutoka kwenye chipu kwenda kwenye prosesa, na kwa kawaida hauiambii kompyuta kwamba kuna kosa lililotokea. Ni nafuu, siyo ECC kamili.

Haya, tunapimaje? Njia ya kivivu kwanza. Kama unatumia Windows yoyote tangu Vista, kipimo unacho tayari. Andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta, kubali kuwasha upya, ikianza bonyeza F1 uchague kipimo kirefu, maana kile cha kawaida kinaruka mambo. Ikimaliza inarudi Windows na kukupa majibu. Hiyo inatosha kugundua RAM iliyokufa waziwazi. Kwa ile inayojificha, tumia fleshi. Programu ni mbili zenye majina ya kuchanganya: MemTest86, iliyoandikwa na Chris Brady mwaka 1994 na ambayo tangu 2013 iko chini ya kampuni ya PassMark, ina toleo la bure, na Memtest86+ yenye alama ya kujumlisha, tawi lililozaliwa mwaka 2004, ya bure kabisa na iliyo wazi. Toleo lake la sita la mwaka 2022 lilileta uwezo wa kufanya kazi kwenye mashine mpya zenye UEFI. Zote mbili zinawaka kabla ya Windows, na hilo ndilo la maana: Windows ikiwa imewaka imekalia sehemu ya kumbukumbu, na huwezi kupima kiti ambacho mtu amekikalia.

Kazi yenyewe ni ya kijinga na ya uvumilivu. Inaandika mpangilio fulani wa moja na sifuri kwenye kumbukumbu yote, inasoma, inapindua kila biti, inasoma tena, kutoka chini kwenda juu halafu kutoka juu kwenda chini. Inahakikisha kila anwani ni ya chumba chake na haimwagi kwenye chumba cha jirani. Inaandika, inasubiri, inaangalia kama kuna kilichofifia. Iache usiku kucha. Mzunguko mmoja haukutosha kwa rafiki yangu mmoja wa dawati la michezo. Kosa lake lilitokea mzunguko wa tatu.

Kosa moja tu linatosha. Hakuna "makosa machache yanayokubalika", msidanganywe.

Ila msikimbilie dukani pia. Kosa halimaanishi lazima kipande cha RAM ndicho kibovu; inaweza kuwa tundu, bodi, prosesa, au mtu aliilazimisha RAM kukimbia kuliko uwezo wake kwenye mipangilio ya BIOS. Ndiyo maana dogo alipima kipande kimoja kimoja, kwenye tundu lile lile, akabadilishana. Kama ubovu unahama na kipande, kipande ndicho kibovu. Kama unabaki na tundu, tatizo liko kwenye bodi. Na ule mchezo wa mafundi wa kusugua meno ya RAM kwa kifutio cha penseli, kusema haki, wakati mwingine unasaidia, meno yanachafuka kweli. Lakini sugua, halafu pima. Kusugua si kupima.

Kuna fundi mmoja mstaarabu nilibishana naye kuhusu haya. Akaniambia, "Braza, mteja hana subira. Nikimwambia aniachie mashine usiku kucha kwa ajili ya kipimo, anaenda kwa jirani." Hoja ina uzito, sikatai. Lakini mteja huyo huyo anaiacha mpaka kesho saa nne ili apigiwe Windows! Usiku upo tayari. Weka fleshi, funga duka, nenda kalale. Hoja ya pili, kwamba kipimo kikipita safi hakithibitishi kuwa RAM ni nzima. Ni kweli pia. Kuna ubovu unaotokea tu mashine ikiwa na mzigo. Je, kwa sababu kipimo cha malaria kinaweza kukosea, tuache kupima tumeze dawa tu?

Na hili si la kupuuza kwa sasa. Mwaka 2025 bei za RAM duniani zilipanda vibaya sana kwa sababu viwanda vilikuwa vinapeleka chipu kwenye vituo vya data vya akili bandia, na Desemba 2025 kampuni ya Micron ikatangaza kuachana na biashara yake ya Crucial ya watumiaji wa kawaida. RAM mpya ikiwa ghali, mtumba unazunguka zaidi. Halafu laptopu nyingi nyembamba siku hizi RAM imechomelewa kwenye bodi, huwezi kuchomoa. Ukinunua mbovu umenunua bodi mbovu. Kwa hiyo mimi nawataka wauza mtumba, mnaotuandikia "imejaribiwa, haina tatizo", mtuonyeshe. Picha ya skrini ya kipimo, tarehe, na namba ya mashine, ibandikwe kwenye risiti. Mnatuonyesha betri ina asilimia ngapi, mnashindwa nini? Na sisi wanunuzi tuwe na fleshi mfukoni. Kama muuzaji hataki uipime hata nusu saa dukani kwake, aghairi wewe.

Mahojiano saba kati ya 11 niliyapata, mengine yana mikwaruzo lakini yanasikika. La mzee wa Morogoro halikufunguka. Nilimpigia Aprili 2022 kuomba nirudi, akapokea mwanawe. Mzee alikuwa ameshazikwa, wiki tano zilizopita.

Yule dada wa jana nilimwita pembeni, fundi akinikata jicho. Nilimpa fleshi yangu, ile ile ya gigabaiti 2, nikamwandikia kwenye karatasi afanye nini, nikamwambia asinakili wala kufungua chochote mpaka apate majibu, kisha atoe diski aiunganishe kwenye mashine ya mtu mwingine. Akaondoka na laptopu yake. Leo saa moja asubuhi amenitumia picha kwenye simu. Mistari myekundu kuanzia juu mpaka chini, na chini yake ameandika: "Kaka, sasa nichomoe ipi?"